Fadhili Huisha, Haki Hudaiwa



Katika mikutano yetu ya parokia, kila tunapofikia somo la haki za binadamu, hakosekani mmoja wa kusema: “Haki haziliwi. Tupeni kwanza kazi na chakula. Habari za haki tutazizungumza tukiisha kushiba.” Neno hilo tusilicheke. Huenda anayelitamka ametoka nyumbani bila kuonja kitu, akapita Katuba na Kenya kwa miguu akitafuta kibarua, na jioni atarudi mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza maneno yetu mazuri yatamletea nini mezani.

Hata hivyo, naamini swali lake limeanza upande usiofaa. Anadhani haki ni pambo la walioshiba. Mimi nadhani sehemu kubwa ya njaa yetu hapa Lubumbashi imetokana na jambo moja: tumezoea kupokea kama fadhili vitu ambavyo tulipaswa kuvidai kama haki. Na fadhili ina tabia moja inayojulikana: siku mtoaji akichoka, akifilisika au akibadili nia, imekwisha, na aliyekuwa akipokea hana pa kulalamika.

Tuanze na hali yenyewe. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na katika shaba imo miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa. Sehemu kubwa ya madini hayo hutoka Haut-Katanga na kwa jirani zetu wa Lualaba, yaani ndani ya Katanga ile iliyogawanywa mwaka 2015. Pamoja na hayo, kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024, zaidi ya Wakongo saba kati ya kumi wanaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Malori ya shaba yanashuka kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na kando ya barabara hiyohiyo mama anauza makala kwa mafungu madogo ili mtoto apate daftari. Kwa hiyo, mtu asituambie kwamba sisi ni maskini kwa sababu ardhi yetu ni maskini. Kati ya utajiri wa ardhi na meza ya mama yule kuna kitu kinachokosekana, nacho ndicho tunachokitafuta.

Wazee wetu wanaweza kutusaidia kukiona. Waulizeni habari za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na za Gécamines iliyochukua nafasi yake baada ya serikali kutaifisha mali zake mwaka 1967. Mfanyakazi alikuwa na nyumba kambini. Watoto wake walisoma katika shule ya kampuni, mkewe alijifungua katika hospitali ya kampuni, na unga wa bukari ulitoka katika posho ya kampuni. Ndiyo maana watu walisema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Wengi bado wanaikumbuka enzi hiyo kwa machozi, wala hawakosei: watoto walikula, wagonjwa walitibiwa.

Lakini tutazame jambo hilo lilisimama juu ya nini. Shule ile mtoto aliipata kwa kuwa baba yake aliandikwa katika daftari la kampuni. Kuwa kwake mtoto wa nchi hii hakukumpa kitu. Jirani ambaye baba yake aliuza samaki sokoni hakuwa na nafasi hiyo. Na kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, vyote vilianguka pamoja nayo. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akiwa na kiasi fulani cha fedha mkononi. Wengi fedha hizo ziliwaishia upesi, na watoto wa mafundi wakaenda kuchimba kwa mikono katika mashimo ambayo baba zao walikuwa wakiyachimba kwa mashine. Baba na mama walikuwa wamekufa siku moja. Tungekuwa tumezoea kuiona shule na dawa kuwa ni deni la taifa kwa kila mtoto wake, anguko la kampuni moja lingetuumiza, lakini lisingetuacha yatima.

Hata enzi hiyo ya posho haikuanza kwa wema mtupu. Mwezi wa Desemba mwaka 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya vitu, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, na Jadotville, ndiyo Likasi. Waliomba mshahara unaotosha kuishi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, na miongoni mwao mmoja wa viongozi wao, Léonard Mpoyi. Miaka saba na siku moja baadaye, tarehe 10 Desemba 1948, mataifa yaliyokutana Paris yalipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo linataja ujira wa haki, chakula, mavazi, makazi na matibabu kuwa ni haki za kila mtu. Watu wa Elisabethville hawakungoja tamko hilo ili wajue kwamba jasho lina thamani yake. Basi, anayesema kwamba haki za binadamu ni habari iliyoletwa na Wazungu, na aende akaulize katika mji huu damu ile ilimwagika kwa kudai nini.

Sasa, haki inatofautianaje na fadhili? Fadhili inahitaji watu wawili tu, mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji kazi yake ni kushukuru. Haki inahitaji mambo matatu: mtu anayeidai, mwingine anayewajibika kuitimiza, na mahali ambapo wa kwanza anaweza kumshitaki wa pili asipoitimiza. Maskini aliye chini ya fadhili huinamisha kichwa, lakini chini ya haki huinua kichwa na kuuliza. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama bajeti ya zahanati itafika au itapotelea njiani, kwa kuwa fedha hupotea kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuziulizia.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imeyasema haya waziwazi. Kifungu cha 43 kinaitaja elimu ya msingi katika shule za umma kuwa ya lazima na ya bure. Kifungu cha 47 kinahusu afya na chakula. Cha 48, makazi yanayofaa, maji safi na umeme. Na kifungu cha 58, ambacho kila kijana wa Katanga angepaswa kukijua kama anavyojua jina la mtaa wake, kinasema kwamba Wakongo wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba ni wajibu wa Serikali kuugawa kwa usawa.

Nasikia mtasema: hizo ni karatasi. Ni kweli, kwa miaka mingi kifungu cha 43 kilikuwa karatasi. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu, na mtoto ambaye hakulipa minervali alifukuzwa darasani mbele ya wenzake. Katiba ilipotangaza elimu ya bure mwaka 2006, hali haikubadilika asubuhi yake. Ilichukua miaka 13, hadi mwaka wa shule wa 2019 na 2020, ndipo Serikali ikaanza kuitekeleza nchi nzima. Hapo watoto walimiminika shuleni kwa wingi. Wengi wao hawakuwa wapumbavu wala wavivu. Walikuwa tu na wazazi wasio na fedha.

Tukiri pia yaliyofuata: madarasa yaliyojaa kupita kiasi, watoto wanaoketi chini, walimu wanaofundisha huku wakingoja mshahara. Wapo wanaosema kwamba hayo yanathibitisha kuwa elimu ya bure ilikuwa kosa. Mimi naona yanathibitisha jambo lingine, kwamba haki bila bajeti ni nusu ya haki. Lakini tazameni mabadiliko yaliyotokea katika usemi wetu. Zamani mzazi alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ahurumiwe. Leo anaweza kuuliza: “Ikiwa masomo ni ya bure, kwa nini mwanangu hana dawati, na kwa nini mwalimu wake hajalipwa?” Swali la pili haliombi huruma. Linataka maelezo, na anayetakiwa maelezo hujua kwamba anatazamwa.

Tugeukie madini, maana ndiyo yanayotukera zaidi. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, inaitoza kila kampuni inayochimba shaba ada ya asilimia 3.5 ya thamani ya kibiashara ya madini inayoyauza. Ada hiyo hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au himaya ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, yaani kwa watoto wenu ambao hawajazaliwa. Sheria inataka fedha za ngazi za chini zitumike kwa miundombinu ya msingi ya jamii. Zaidi ya hapo, kampuni inapaswa kutenga walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na wawakilishi wa jamii hizo wanakaa katika chombo kinachozisimamia fedha hizo.

Tufanye hesabu ndogo. Kwa kila dola 1,000,000 za shaba, ada ni dola 35,000. Asilimia 15 yake, yaani dola 5,250, ni ya eneo lenye mgodi. Ongezeni dola 3,000 za ile asilimia 0.3. Jumla ni dola 8,250 kwa kila milioni moja, na migodi mikubwa ya kwetu huuza mamia ya mamilioni kwa mwaka. Hizi hazikutolewa na mwekezaji kwa moyo wake mwema, ingawa siku ya kuzindua kisima atapigiwa ngoma na kuvishwa shada kana kwamba ametoa mfukoni mwake. Zimeandikwa katika sheria. Ni za watu wa pale.

Ni wangapi kati yetu wanaoishi karibu na mgodi na wanajua ni kiasi gani kimeingia katika hesabu ya komini yao mwaka jana? Ni wangapi wanajua majina ya wanaowawakilisha katika chombo kile? Tusipojua, tunaweza kusema usiku kucha kwamba wakubwa wanakula, na asubuhi wakubwa wakaendelea kula. Malalamiko yasiyo na tarakimu hayamsumbui mtu.

Kwamba maskini wanaweza kuyafanya haya, mfano upo, ingawa unatoka mbali. Huko Rajasthan, jimbo la ukame nchini India, wakulima na vibarua wa vijijini waliunda chama chao mwaka 1990. Walikuwa wakifanya kazi za umma, barabara na mabwawa, kisha wanapunjwa malipo. Tangu mwaka 1994 walianza kufanya mikutano ya hadhara ambamo madaftari ya malipo yalisomwa kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Ikasikika kwamba watu waliokwisha kufa wameandikwa kuwa wamelipwa, na kwamba majengo ambayo hakuna aliyepata kuyaona yamehesabiwa kuwa yamekamilika. Wengi wa watu wale hawakujua kusoma. Walichokuwa nacho ni madai moja: fedha hizi ni zetu, basi hesabu zake nazo ni zetu. Mwaka 2005 Bunge la India lilipitisha sheria ya haki ya kupata habari kwa nchi nzima. Kwa mtu maskini, haki ya kusoma daftari iligeuka kuwa mshahara mkononi.

Wengine watauliza: je, Kanisa si la matendo ya huruma? Kwa nini tuzungumze lugha ya madai? Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira unaotosha kuishi ni jambo la haki, hata kama mfanyakazi amekubali kupewa pungufu kwa kulazimishwa na shida. Papa Yohane wa XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alizitaja haki za chakula, matibabu na elimu, akaziambatanisha na wajibu. Na katika Injili ya Luka, mjane anayemwendea kadhi asiyemcha Mungu haombi sadaka. Anataka haki yake dhidi ya mshitakiwa wake, naye anarudi tena na tena mpaka kadhi anachoka. Bwana wetu alipotaka kutufundisha kusali bila kukata tamaa, alituonyesha mwanamke maskini aliyekataa kuondoka mlangoni pa mahakama. Huruma itabaki siku zote, kwa kuwa watakuwapo siku zote wagonjwa na wenye huzuni. Lakini mfuko wa unga tunaompelekea mjane siku ya Noeli usitufanye tusahau kuuliza nani amechukua shamba lake.

Na hapo, vijana, tunafika nyumbani kwetu. Ni rahisi kuidai haki kutoka Kinshasa na kuivunja katika ukoo. Mara ngapi tumeona, matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu wamekwisha kuja kubeba viti, friji na hata hati ya kiwanja, huku mjane ameketi juu ya mkeka bila neno? Sheria ya Familia inamtambua mjane na watoto miongoni mwa warithi. Mila haina ruhusa ya kuwafanya maskini kwa siku moja watu ambao baba yao alitaabika miaka thelathini kwa ajili yao. Ikiwa kijana wa kikundi chetu ameshika upande mmoja wa kabati linalotolewa nyumbani kwa mjane, asije Jumamosi kutufundisha juu ya ugawaji wa mapato ya madini.

Vivyo hivyo kuhusu matabishi. Tunapenda kusema kwamba mbuzi hula pale alipofungwa, na kwa methali hiyo tunamsamehe kila karani. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, hakuikubali methali hiyo. Alikataa hongo ili asiupitishe mchele ulioharibika, kwa kuwa alijua ni maskini ndio watakaoula. Aliuawa mwezi wa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, mwenye kazi, mwenye rafiki na mipango ya maisha kama ninyi. Alielewa kwamba nyuma ya muhuri wake kulikuwa na haki ya watu asiowajua kula chakula kisichoua.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa kikundi cha parokia.

La kwanza ni kujua. Chagueni jambo moja tu linalowahusu: shule moja, zahanati moja, bomba moja, au fedha za mgodi mmoja. Tafuteni ni kifungu gani cha sheria kinalihusu, na nani anawajibika. Ripoti za ITIE kuhusu malipo ya makampuni ya madini hutolewa hadharani, na Tume ya Haki na Amani ipo kwa kazi kama hiyo. Waombeni wawasaidie kuzisoma.

La pili ni kuuliza kwa maandishi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi rasmi kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa kufanya hivyo. Andikeni kwa heshima, bila matusi na bila chama cha siasa nyuma yenu, pamoja na sahihi za wazazi. Wekeni nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Miezi mitatu ikipita bila jibu, andikeni tena, na mara hii nakala iende ngazi ya juu.

La tatu ni kuwa waaminifu katika hesabu zetu wenyewe. Kikundi kinachodai daftari la komini na kiweke daftari lake la michango wazi, hata kama ni faranga elfu chache za maandamano ya Matawi.

Najua haya hayataweka unga mezani jioni ya leo kwa yule ndugu anayesema haki haziliwi. Kwa hiyo leo tumgawie tulicho nacho, naye ale pamoja nasi. Kesho tumpe kalamu, aweke sahihi yake juu ya barua pamoja na zetu.